Kurudi Barabarani Baada ya Kuanguka na Baiskeli

Ndugu msomaji, wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Zipo baiskeli nyingi katika nyumba zetu zilizoegemezwa ukutani si kwa ubovu, bali kwa sababu mwenyewe aliwahi kuanguka. Somo hili linaeleza namna ya kuzirudia.

Nami yalinikuta. Wakati wa mvua za mwanzo, nikishuka kutoka Mwanga kuelekea kituo cha reli, breki hazikushika nikaishia mtaroni. Goti lilipona baada ya majuma matatu; hofu ilikaa mwaka mzima. Zamani nilikwenda kwa mama yangu Ujiji kila Jumapili kwa baiskeli. Sasa nikawa nasubiri nauli, na safari zikabaki moja kwa mwezi. Siku moja mama aliniuliza kwa upole ni kosa gani alilonitendea. Hapo nikatambua kuwa ajali ile ilikuwa imeninyima zaidi ya baiskeli.

Hatua ya kwanza ni mwili. Aliyegonga kichwa au mwenye maumivu yasiyokwisha afike zahanati au kituo cha afya kabla ya kupanda tena.

Hatua ya pili ni kutafuta sababu ya ajali. Hofu isiyojulikana chanzo chake haina dawa. Kwangu ilikuwa raba za breki zilizolika. Hata raba nzima huteleza ringi inapolowa maji; hivyo siku ya mvua binya breki kidogo kidogo kabla ya kufika kwenye mteremko, na uanze kusimama mapema. Mwambie fundi ashushe kiti hadi nyayo zote mbili ziguse ardhi. Mwenye uwezo wa kukanyaga chini wakati wowote haogopi sana.

Hatua ya tatu ni kuchagua mahali na saa. Anza kwenye uwanja tambarare, alfajiri, kabla pikipiki na magari hayajawa mengi. Zunguka kwa dakika 10, kisha acha ukiwa bado una hamu. Kesho ongeza kidogo. Ukifika kwenye mteremko mkali, shuka ukokote. Wenzetu wanaobeba mkaa na madumu ya mawese hukokota baiskeli zao panapobidi, wala hakuna anayewacheka.

Iwapo chanzo cha ajali ni shimo au mtaro uliobomoka, toa taarifa katika ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Barabara za mitaani na vijijini husimamiwa na TARURA, na barabara kuu husimamiwa na TANROADS. Taarifa yako yaweza kumwokoa mwingine.

Jumapili niliyorudi, niliikokota baiskeli hadi Mwanga, nikapanda hapo. Mikono ilitetemeka mwanzoni. Nilipokaribia Ujiji, chini ya miembe, upepo wa ziwa ulinipiga usoni, nikagundua kuwa nilikuwa nimesahau kuogopa. Nilipiga kengele nikiwa bado njiani. Mama alikwisha kufungua mlango kabla sijabisha hodi.

Ndugu msomaji, iangalie baiskeli yako leo. Anza na breki.