Mchezo wa Tenisi: Somo kwa Wanaoanza

Tenisi ya siku hizi asili yake ni Uingereza, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanywa mwaka 1877. Katika mwaka 2022 msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, alishinda huko katika mashindano ya wasichana wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Basi mchezo huu si wa wageni tu. Lakini atakaye kujifunza ajue kwanza ya kwamba tenisi humtaka mtu aitawale nafsi yake kabla ya kumshinda mwenziwe.

UWANJA. Urefu wake ni futi 78. Upana ni futi 27 wakicheza watu wawili, na futi 36 wakicheza wanne. Wavu hukata katikati, na kimo chake pale katikati ni futi 3. Kila upande, futi 21 kutoka wavuni, kuna mstari. Na nafasi iliyo kati ya mstari huo na wavu imegawanywa kuwa vyumba viwili.

KUANZISHA. Mwanzishaji husimama nyuma ya mstari wa mwisho, upande wa kuume. Huurusha mpira juu na kuupiga kabla haujaanguka, uingie katika chumba cha mshazari ng'ambo ya wavu. Akikosa, hupewa nafasi ya pili; akikosa tena, pointi ni ya mwenziwe. Mpira ukigusa wavu kisha ukaangukia chumba kilicho haki, huanzishwa upya. Pointi ifuatayo huanzishwa upande wa kushoto.

Mpokeaji sharti auache mpira huo udunde mara moja. Baada ya hapo kila mmoja aweza kuupiga ukiisha kudunda mara moja, au kabla haujagusa chini. Ukidunda mara mbili, ukinaswa na wavu, au ukianguka nje, umepoteza pointi. Mpira ugusao mstari ni mzuri.

KUHESABU. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humaliza gemu. Wote wawili wakiwa na 40, mshindi ni yule apataye pointi mbili mfululizo. Apataye gemu sita, akimzidi mwenziwe kwa mbili, ameshinda seti.

MAPIGO. Shika mpini kana kwamba unapeana mkono na rafiki. Kwa pigo la kiganja, geuka ubavu hata bega la kushoto lielekee wavu, rudisha raketi nyuma mapema, na uupige mpira ukiwa mbele yako kidogo, kimo cha kiuno. Usikatishe mkono, uache uendelee mbele na juu. Kwa pigo la mgongo wa mkono, bega la kuume ndilo lielekealo wavu, na wengi hushika mpini kwa mikono miwili. Mpira ulio hewani karibu na wavu hauhitaji kurudisha raketi nyuma sana. Kaza kifundo cha mkono na uusukume tu. Atumiaye mkono wa kushoto ageuze maagizo haya.

Wanaoanza hupoteza pointi nyingi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Chora mstari ukutani, kimo cha futi 3, kisha upige mpira juu yake mara 20 bila kukosa. Usiongeze nguvu mpaka uweze hayo.

UAMINIFU. Katika michezo ya kawaida hakuna mwamuzi. Kila mchezaji ndiye atamkaye kama mpira ulioanguka upande wake umeingia au umetoka, na mwenziwe hulikubali neno lake. Sheria ya adabu ni hii: ukiwa na shaka, mpira ni mzuri, na pointi ni ya mwenzio. Ni vigumu kutamka hivyo gemu inapokuponyoka, wala hakuna aliyeona ila wewe. Hata hivyo, aliyeshindwa kwa haki atapata wa kucheza naye kesho. Mwongo atabaki na raketi yake na ukuta.