Somo la Saba: Kompyuta Inayofanya Kazi Bila Diski Kuu

Watumiaji wengi huamini kwamba diski kuu ikiharibika, kompyuta nayo imekwisha. Wengine huamini kwamba kompyuta inayowaka na kufungua programu mbele ya macho yao dukani ni nzima. Imani zote mbili zinaweza kumtia mtu hasara. Katika somo hili tunaeleza sababu, pamoja na hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua ili kujilinda.

Diski na kumbukumbu ya muda

Diski kuu ni ghala: huhifadhi mafaili hata kompyuta inapozimwa. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza ya kazi: kilichowekwa juu yake hutoweka umeme ukikatika. Kwa kawaida mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza kompyuta, hukaa kwenye diski, na sehemu zake huletwa kwenye RAM kadiri zinavyohitajika.

Ipo njia nyingine. Wakati wa kuwasha kompyuta, mfumo mzima unaweza kunakiliwa kutoka kwenye flashi hadi kwenye RAM, na sehemu ya RAM ikatumika kana kwamba ni diski. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, hufanya hivyo iwapo RAM inatosha. Kwa mfano, mfumo unaochukua nusu gigabaiti kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 huacha takriban gigabaiti 3.5 kwa ajili ya programu na mafaili. Baada ya hapo flashi inaweza kuchomolewa na kazi ikaendelea. Kwa kuwa RAM husomwa haraka kuliko diski, hata kompyuta ya zamani huonekana nyepesi.

Faida yake

Mfumo wa kawaida ukigoma kuwaka, usikubali haraka kuambiwa kwamba kila kitu kimepotea. Mara nyingi kilichoharibika ni mfumo, si mafaili. Fundi anaweza kuiwasha kompyuta kwa njia hii na kunakili nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje. Hata hivyo, diski ikitoa sauti ya kugonga au kukwaruza, izime na uipeleke kwa mtaalamu, kwani kuendelea kuisoma kunaweza kuiharibu zaidi.

Hatari zake

Kwanza, umeme. Tuseme mwanafunzi ameandika ripoti kwa saa tatu kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, na kazi yake yote imo ndani ya RAM. Umeme ukikatika kwa dakika moja, hatakuta hata mstari mmoja. Puppy Linux humuuliza mtumiaji wakati wa kuzima kama anataka kuhifadhi kazi yake, lakini umeme unapokatika ghafla hakuna anayeulizwa. Hifadhi kazi kwenye flashi au diski kila mara.

Pili, siri. Kwa kuwa kilichomo kwenye RAM hufutika, baadhi ya watu hudhani hawaachi alama yoyote. Tovuti wanazotembelea bado zinaweza kuweka kumbukumbu za ziara zao. Zaidi ya hayo, mwenye flashi kama hiyo anaweza kuwasha kompyuta yako na kusoma mafaili yaliyomo kwenye diski bila kuulizwa neno la siri la kuingilia. Kinga ni kuifunga diski yenyewe kwa usimbaji. Kabla ya kuuza kompyuta, hakikisha diski imefutwa kikamilifu.

Unaponunua kompyuta iliyotumika

Kwa kuwa kompyuta inaweza kufanya kazi vizuri huku diski yake ikiwa mbovu au haipo kabisa, tunakushauri ufanye yafuatayo kabla ya kulipa:

1. Mwombe muuzaji achomoe flashi zote, azime kompyuta kabisa, kisha aiwashe tena.

2. Fungua mipangilio uangalie ukubwa wa diski kuu na wa RAM. Ni vipimo viwili tofauti, ingawa vyote huhesabiwa kwa gigabaiti.

3. Andika faili fupi, lihifadhi, zima, washa tena, kisha ulitafute. Usipolikuta, usilipe mpaka upate maelezo ya kuridhisha.

4. Dai risiti inayotaja aina na ukubwa wa diski. Bila maandishi hayo, ni vigumu kuthibitisha baadaye kile ulichoahidiwa.

Kumbuka: kilicho kwenye RAM huondoka na umeme. Kabla ya kuzima kompyuta, jiulize kazi yako imehifadhiwa wapi. Kabla ya kulipia kompyuta, jiulize inawaka kutoka wapi.