Kabla ya kuuza ng'ombe kununua 'mashine ya maumivu'



Majuzi nilipigiwa simu na mjomba wangu aliyeko Bukundi, wilayani Meatu, mkoa wa Simiyu. Mzee huyu amelima pamba na kufuga maisha yake yote, na kwa zaidi ya mwaka sasa mgongo haumpi usingizi. Aliniambia kuwa mnadani amepita kijana mwenye mashine ndogo ya umeme inayobandikwa mgongoni, na kwamba mtu akibandikwa kwa dakika ishirini huinuka na kuiacha fimbo. Bei yake ni sawa na ng'ombe wawili. "Mpwa wangu," akasema, "wewe uko mjini. Toa wa kwako, nami nitoe wa kwangu."

Nilimwomba siku mbili nisome kwanza. Niliyoyapata nayaleta hapa, kwani najua wengi wetu tunaoishi mjini tunapigiwa simu za namna hii.

Kwanza, tusiidhulumu mashine. Kwa maelezo ya mjomba, ni kifaa kiitwacho TENS, kinachopitisha umeme mdogo kwenye ngozi. Wazo lake ni la zamani. Tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, katika karne ya kwanza aliandika juu ya kutumia samaki mwenye umeme kutuliza kichwa na jongo. Mwaka 1965 wanasayansi Melzack na Wall walieleza kuwa uti wa mgongo una mfano wa lango, na kwamba hisia nyingine zinaweza kulifunga lango hilo ili maumivu yasipite. Kwa hiyo si uchawi. Lakini kueleza jinsi kitu kinavyoweza kufanya kazi ni jambo moja, na kuthibitisha kuwa kinafanya kazi ni jambo jingine.

Tujifunze kwa waliotangulia. Mwaka 1796 Mmarekani Elisha Perkins alipata hataza ya vijiti viwili vya madini, akidai kuwa ukivipitisha juu ya mwili vinavuta maumivu. Watu wakubwa walivinunua na kutoa ushuhuda. Mwaka 1799, katika mji wa Bath nchini Uingereza, daktari John Haygarth alitengeneza vijiti vya mbao vinavyofanana na vile, akavitumia kwa wagonjwa watano wa baridi yabisi ya muda mrefu. Wanne wakasema wamepata nafuu! Kesho yake akatumia vya madini, na matokeo yakawa yale yale. Wagonjwa hawakusema uongo, nafuu waliiona. Ila haikutoka kwenye madini, ilitoka kwenye matarajio yao.

Ndiyo maana ushuhuda peke yake hautoshi. Maumivu ya muda mrefu hupanda na kushuka. Mtu hutafuta dawa siku yamempanda, na hata asipofanya lolote, mara nyingi baada ya siku chache yangeshuka. Sifa huenda kwa kilichokuwa mkononi siku ile.

Njia ya kujua ukweli ni kulinganisha, na hili si geni kwetu. Ar-Razi, tabibu aliyefariki mwaka 925, aliandika kuwa aliwatoa damu wagonjwa wa kundi moja waliokuwa na dalili za uvimbe wa ubongo, na kwa makusudi akaliacha kundi jingine bila kuwatoa, ili apate kuamua. Huyo ni mwanachuoni wetu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Je, TENS imelinganishwa? Ndiyo, mara nyingi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya Cochrane walizikusanya tathmini zilizokuwepo kuhusu TENS na maumivu sugu. Walikuta ushahidi ni wa kiwango cha chini sana: tafiti nyingi zilikuwa na watu wachache, na ni vigumu kumficha mgonjwa kama anatumia mashine ya kweli au ya bandia, maana ya kweli inamtekenya. Hawakusema haifai. Walisema haiwezekani kusema kwa uhakika kuwa inafaa. Sasa pima neno hilo na maneno ya yule kijana wa mnadani.

Atakayesema hili ni dogo akumbuke Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, foleni ikawa ya kilomita nyingi, na wapo walioacha dawa zao hospitali kwa kuamini wamepona. Hasara kubwa haikuwa ile shilingi 500.

Na hapo ndipo hofu yangu kwa mjomba ilipo. Mgongo unaouma usiku, kwa mfugaji anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, unaweza kuwa ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe ulioingia kwa binadamu. Unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Hayo yana vipimo na dawa zake. Umeme wa ngozi, hata ukituliza, hauyagusi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji: Ilijaribiwa dhidi ya mashine ya bandia? Kwa wagonjwa wangapi? Nani hapaswi kuitumia? Mwenye kifaa cha kuendesha moyo, kwa mfano, hatakiwi kubandikwa. Je, imesajiliwa na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba? Asiyejua majibu hana haki ya kuchukua ng'ombe wa mtu.

Nilimpigia mjomba siku ya tatu. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo unakataa?" Nikamjibu: "Sikatai, mjomba. Fedha ya ng'ombe wangu ipo. Nauli na vipimo vya hospitali kwanza. Mashine tutaizungumza tukishajua kinachokuuma." Wiki hii anakwenda.

Wallahu a'lam.