Falaki na Utabibu: Ilimu Mbili, Njia Moja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu kwa hisabu na mwili wa mwanadamu kwa hikima. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, katika darsa hii twataka kuzitazama ilimu mbili: ilimu ya nyota na ilimu ya tiba. Wako miongoni mwetu wanaozichanganya mahali pasipofaa, na kuzitenganisha mahali zinapokutana. Na jambo hili si la mzaha, kwani huondoka na roho za watoto wetu.

Neno falaki kwa asili yake ni njia ipitayo nyota mbinguni, na mwanafalaki ni mtu apimaye mwendo wa jua, mwezi na sayari. Walakini katika miji yetu ya pwani, mtu akisema kuwa anakwenda kwa mtu wa falaki, watu hufahamu jambo jingine kabisa. Mtoto ameshikwa na homa usiku. Kukicha, huchukuliwa jina lake na jina la mamake, herufi zikahisabiwa kwa abjadi, zikagawanywa kwa kumi na mbili, na kilichobaki kikaitwa nyota yake: Hamali, au Asadi, au Akrabu. Kisha wazee wake huambiwa watafute kuku wa rangi kadha, na ubani, na mahali pa kutupa kafara. Siku mbili zapita katika kutafuta. Na homa ya malaria haingoji siku mbili. Kwa mtoto mdogo yaweza kumfikisha mautini kwa muda wa saa 24.

Mtume (s.a.w.) alikwisha kuukata mzizi wa jambo hili. Mwaka wa 10 wa Hijra, yaani mwaka 632 wa Miladi, alifariki mwanawe Ibrahim, naye hajatimiza miaka miwili. Siku ile ile jua likapatwa, na watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Lau Mtume angelikuwa mtu wa kutafuta utukufu kwa njia ya uongo, angelinyamaza tu. Lakini hakunyamaza, na huku moyo wake una majonzi ya mzazi. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, na akawaamrisha kusali na kuomba. Basi ikiwa kifo cha mwana wa Mtume hakikuligusa jua, vipi homa ya mtoto wa fulani bin fulani itatoka kwa Akrabu? Na ni yeye huyo huyo aliyefundisha kuwa Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Mlango mmoja aliufunga, na mlango mwingine akaufungua.

Tena hisabu ya mbingu yenyewe yawakadhibisha wauza nyota. Ardhi yetu hupepesuka polepole mfano wa pia, na kupepesuka huko hutimia mara moja kwa miaka karibu 26,000. Kwa sababu hiyo mahali pa kuanzia buruji husogea daraja moja kwa kila miaka 72 hivi. Leo, mwishoni mwa mwezi wa Machi, vitabu vya nyota husema jua limo katika Hamali, na hali mwenye kupima huliona limo kati ya nyota za Hutu. Na huyo ahisabuye herufi za majina hakuitazama mbingu hata mara moja. Auza nyota, wala hajui ziko wapi.

Sasa tuwatazame maulamaa wetu wa zamani, tuone walizikutanisha vipi ilimu hizi mbili. Hawakuzikutanisha kwa kuifanya nyota kuwa sababu ya homa. Walizikutanisha kwa njia ya kutafuta: kutazama, kupima, kujaribu, na kuiacha kauli ya mkubwa inapopingana na dalili.

Abubakar al-Razi, tabibu aliyefariki karibu na mwaka 925, alitaka kujua kama kuumika damu kwafaa katika maradhi ya ubongo yaitwayo sirsamu. Aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa, na wengine akawaacha makusudi, ili apate kulinganisha. Huo ndio msingi ambao matabibu wa leo wajaribu kwao dawa zao.

Ibn al-Nafis alifariki Misri mwaka 1288. Alikuwa tabibu, na alikuwa pia mwanachuoni wa fikihi akisomesha madhehebu ya Imamu Shafi, madhehebu yetu sisi. Galen, tabibu mkubwa wa Wayunani, alisema kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi upande wa kushoto kwa matundu yasiyoonekana, na Ibn Sina akamfuata. Ibn al-Nafis, karibu na mwaka 1242, aliandika kuwa ukuta ule hauna matundu, na kwamba damu hupita katika mapafu, ikachanganyika na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto wa moyo. Kauli yake ilisahauliwa, hata mwaka 1924 tabibu wa Kimisri akaiona katika kitabu cha mkono huko Berlin.

Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mwekaji wa nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Banu Umayya, Damascus. Hisabu ya Ptolemy, mkubwa wa wanafalaki wa Wayunani, ililazimisha kuwa mwezi, ukifika nusu, wakati mwingine uonekane mkubwa karibu mara mbili. Mtu yeyote mwenye macho ajua kuwa si hivyo. Ibn al-Shatir akaitengeneza upya hisabu ile ikapatana na macho. Mwaka 1957 wataalamu walionyesha kuwa hisabu yake ya mwezi ni ile ile iliyomo katika kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543.

Na kati ya wote hawa yupo Qutb al-Din al-Shirazi, aliyefariki mwaka 1311. Alianza kuwatibu wagonjwa hospitalini Shiraz akiwa kijana, badala ya babake. Kisha alikwenda Maragha kusoma falaki kwa Nasir al-Din al-Tusi, katika nyumba ya kupimia nyota iliyoanzishwa mwaka 1259. Akawa kadhi, akaandika vitabu vikubwa vya falaki, na akakisherehesha kitabu cha tiba cha Ibn Sina. Twamtaja kwa sababu wako wanaodhani kuwa mwenye kusoma dini hana haja na ilimu hizi.

Pengine atasema msemaji: hayo yamepita, leo ilimu hizi ni za Wazungu. Twamjibu: ilimu ni ya mwenye kuitafuta, na matunda yake yako mlangoni petu. Mwaka 1868 jua lilipatwa lote huko Bara Hindi. Wataalamu waliligawanya nuru yake kwa kioo, na katika nuru ya jua mwaka ule ukaonekana mstari wa manjano usiojulikana. Ikafahamika kuwa katika jua mna hewa ambayo haijapata kuonekana duniani, ikaitwa heliamu. Mwaka 1895 ikapatikana katika ardhi. Leo heliamu iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya daraja 269 chini ya sifuri, ndiyo ipoozayo sumaku za mashine nyingi za hospitali zinazopiga picha za ubongo na uti wa mgongo. Watu walilitazama jua lililopatwa wakauliza swali, na swali lao likawa rehema kwa wagonjwa.

Mwaka huo huo wa 1895 Röntgen aligundua mionzi ya eksirei, na wote twaijua kazi yake katika kutazama mifupa na vifua. Baadaye ikajulikana kuwa hata mbinguni imo mionzi hiyo, ila hewa yetu huizuia isifike chini. Tarehe 12 Disemba 1970 Waitaliani walikirusha chombo cha Marekani kutoka baharini mbele ya Ngomeni, upande wa Malindi. Kilikuwa chombo cha kwanza kutumwa kwa ajili ya kuitafuta eksirei ya mbinguni, na kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikaitwa Uhuru. Kiliorodhesha vianzo 339 vya mionzi hiyo. Na katika kaunti ile ile ya Kilifi, tangu mwaka 1989, wataalamu wa KEMRI na wenzao wamekuwa wakiitafiti malaria ya watoto. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 ilijaribiwa huko Kilifi pia, pamoja na mahali pengine. Pwani yetu basi si ngeni kwa falaki wala kwa utabibu. Ugeni ni wetu sisi tuliozipa mgongo.

Mwengine atauliza: je, dua na kusoma kisomo kwa mgonjwa vyakatazwa? La, hasha. Dua ni ibada, na dawa ni sababu, na Mtume alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Kisichofaa ni kuifanya nyota mshirika wa Mungu, na kumnyima mgonjwa dawa aliyoteremshiwa.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo matatu. Kwanza, mtoto akishikwa na homa, apelekwe akapimwe damu siku ile ile. Na akiingiwa na degedege, asingojwe hata saa moja. Asomewe dua njiani. Pili, walimu wa vyuo wawafunze watoto hisabu na falaki ya kweli: kibla, nyakati, miandamo ya mwezi. Tatu, neno falaki turudishieni mahali pake. Atakayewaambia kuwa nyota ya mtoto wenu imefungwa, mwambieni awaonyeshe ile nyota mbinguni usiku huo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.