Sikiliza Kabla ya Kurusha Jiwe

Usiku ukishatulia hapa Kiganjo, Nyeri, mbwa ndio wenye mji. Mmoja huanzia upande wa stesheni, mwingine humdaka karibu na kiwanda cha maziwa, na kabla hujageuka kitandani mtaa mzima unajibu. Wengi wetu hujifunika blanketi, au hufungua dirisha tukafoka. Mimi nasema tusikilize kwanza, maana mengi anayosema mbwa yanatuhusu sisi wenyewe.

1. Pima uzito na kasi ya sauti. Ukishika hili, mengine yatafuata. Mwaka 2004, Sophia Yin na Brenda McCowan wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua milio 4,672 ya mbwa 10. Mbwa aliyesikia mgeni mlangoni alibweka kwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, mfululizo. Aliyeachwa peke yake alitoa sauti nyembamba, mlio mmoja mmoja. Kule Budapest nako, Péter Pongrácz na wenzake waliwachezea watu milio iliyorekodiwa, na hata wasiofuga mbwa walitambua mara nyingi ni hasira, woga au mchezo. Masikio unayo tayari, basi.

Jaribu alfajiri. Pikipiki ya kuchukua maziwa ikifika langoni, mbwa wako, tumwite Simba, atabweka mara mbili tatu, kisha mkia uanze kucheza. Ameshamtambua mwenye pikipiki kwa mlio wa injini. Lakini saa nane za usiku, sauti nzito isiyopumua, masikio yamesimama, uso umekaza pahali pamoja kwenye ua: hapo huenda kuna mtu au mnyama. Washa taa ya nje, chungulia dirishani, mpigie jirani simu. Usitoke peke yako na panga.

2. Mtafute aliyeanza. Mbwa huambukizana kubweka. Wa kumi anayepiga kelele huenda hajaona wala kunusa chochote, anaitikia tu. Aliyeanza ndiye mwenye habari, na ukijua ni wa boma gani utajua kitu kinatokea upande gani.

3. Anayebweka mchana kutwa hakulindi. Huyu ndiye anayeniuma moyo. Bomani mwetu wengi tunamfunga asubuhi na kumfungulia usiku, kwa imani kwamba mnyororo humfanya mkali. Mtazame kwa karibu: mnyororo umechora duara kwenye udongo, nyasi zimekwisha, sufuria ya maji imepinduka. Anabweka sauti ile ile, polepole, bila kuangalia popote. Huo ni upweke. Mwizi akija kweli, nani atatofautisha? Mtembeze asubuhi kabla ya kazi zako. Ikibidi kumfunga, tandaza waya mrefu kati ya nguzo mbili mnyororo upate kuteleza, na mpe kivuli na maji. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhusu yeye pia.

4. Usimpige akinguruma. Mtoto anamvuta sikio au anasogelea sahani yake, mbwa ananguruma, na baba anachukua fimbo. Ukimfunza kwamba kunguruma kuna kichapo, ataacha kunguruma, na siku nyingine atauma bila kutangaza. Mwondoe mtoto kwanza.

5. Sauti kali mwili ukirudi nyuma ni woga. Kwa waliopakana na msitu wa Mlima Kenya, au walio njia ya kwenda Mweiga na Solio, hii ni ya kuzingatiwa. Mbwa aliyezoea kukimbilia uani sasa anabweka kwa sauti ya juu huku akirudi mlangoni, mkia tumboni, ama ananyamaza ghafla na kuingia chini ya ghala. Huenda ni fisi au chui, na chui hula mbwa. Mwingize ndani, hakikisha zizi la ndama na mbuzi limefungwa, na ukiona mnyama au nyayo zake wajulishe watu wa Shirika la Wanyamapori (KWS).

6. Akivuta sauti mbinguni, si mkosi. Honi ya garimoshi la Nanyuki, king'ora, tarumbeta ya bendi kwenye gwaride la kufuzu pale chuo cha polisi: sauti ndefu humfanya mbwa naye avute yake. Hajaona mzimu, wala hakuna anayekaribia kufa. Mwache aimbe.

7. Sauti ikibadilika yenyewe, kaa mbali. Mbwa mwenye kichaa anaweza kukwama sauti, ikatoka ya kukwaruza kama iliyofinywa, kwa sababu ugonjwa unalegeza misuli ya koo. Taya huning'inia, mate hutiririka, kumeza kunamshinda. Watu hudhani amesakamwa na mfupa, wakamtia mkono mdomoni. Usithubutu! Mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaombe chanjo, kwa kuwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Simba naye apelekwe kuchanjwa kila mwaka, hata kama hajawahi kutoka nje ya geti.