Impela ya Pampu ya Maji: Ibadilishe Kabla Injini Haijachemka

Injini ya boti ya kufunga nyuma haina rejeta kama ya gari. Hupozwa na maji ya bahari yenyewe, na kinachoyavuta maji hayo ni impela: kijigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya injini. Taabu ni kwamba imefichwa ndani ya mguu wa injini, juu ya gea, na kisichoonekana husahauliwa.

Kwa wenye boti katika hori ya Tudor, kusahau huko kuna gharama. Maji yetu si maji matupu. Wakati wa masika, mito ya Kombeni na Tsalu huleta tope, na bahari ikipwa boti hupita juu ya matope ya mikoko injini ikinyonya mchanga. Mchanga hula mpira. Mifuko ya plastiki nayo, ingawa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, bado huziba matundu ya kuingizia maji. Sasa fikiria injini inachemka na kuzima karibu na Daraja la Nyali, maji yakitoka kwa nguvu ya bamvu, na una abiria. Mkondo utakusukuma kuelekea mlango wa bahari kati ya Mji wa Kale na English Point. Nanga na kasia zisikose botini, hata kama injini ni mpya.

Dalili ya kwanza ni ule mtiririko mwembamba wa maji unaotoka nyuma ya injini. Ukipungua, zima, kisha chokoa tundu kwa waya mwembamba, kwani mara nyingine ni chumvi au tope tu. Ukiendelea kuwa dhaifu, fungua pampu. Vitabu vingi vya injini hushauri pampu ikaguliwe walau mara moja kwa mwaka. Kwa maji ya hori, mapema zaidi ni afadhali.

Fanyia kazi nchi kavu, na uchomoe waya za plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Tenganisha kwanza ufito wa gea. Hapa ndipo wengi huvunja vitu: hufungua bolti zote, wakaanza kuvuta mguu ilhali ufito bado umeshika. Baadhi ya injini pia zina bolti moja iliyojificha chini ya kipande cha zinki kilicho juu ya rafadha. Mguu ukigoma, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao. Usitie bisibisi kwenye maungio, utakwaruza chuma.

Mguu ukishuka utaona pampu imekaa juu yake, shafti ikipita katikati. Fungua bolti zake, inua bakuli la pampu, toa impela, na uangalie kipini kidogo kinachoishika kwenye shafti, maana hudondoka mchangani na kupotea. Kisha hesabu mabawa. Bawa likikosekana, lazima litafutwe kwenye bomba la maji na kwenye themostati. Ukifunga mpira mpya bila kukitoa kipande hicho, kitaziba njia na injini itachemka vilevile. Bakuli au kibati cha chini kikiwa na mifereo inayoshika ukucha, kibadilishe pia pamoja na gasketi.

Paka impela mpya maji ya sabuni. Shusha bakuli huku ukizungusha shafti kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ili mabawa yote yalale upande mmoja. Tia grisi isiyoyeyuka majini pembeni mwa meno ya shafti, si kwenye kichwa chake. Wakati wa kupandisha mguu, msaidizi anafaa: mmoja anyanyue, mwingine aelekeze bomba la maji liingie kwenye pampu. Meno yakikataa kuingiana, zungusha kidogo flaiwili ya injini, daima kwa mwelekeo uleule wa saa. Usivute mguu kwa bolti.

Wenye mashine ya ndani wana kazi tofauti. Mara nyingi uso wa pampu umeelekea ukuta na mkono haupiti. Funga kwanza vali ya maji ya bahari, la sivyo boti itajaa. Kisha, badala ya kupapasa bolti usizoziona, ng'oa pampu nzima na uifungulie mezani. Utamaliza mapema zaidi.

Usijaribu injini pakavu, kwani mpira huungua kwa sekunde chache tu. Izamishe kwenye pipa la maji hadi juu ya matundu ya kuingizia, washa, na utazame mtiririko. Usipotoka ndani ya dakika moja, zima ufungue tena. Mara nyingi bomba la maji halikuingia mahali pake.