Fremu ya Kaboni Isiyo na Jina: Somo kwa Mwenye Mfuko Mwembamba

Nauli ya basi katika miji ya Uingereza inakula hela ya boksi kila wiki, na wengi wetu tumekimbilia baiskeli. Sasa kuna wenzetu ambao wameshaonja utamu wa baiskeli, wamechoka kusukuma chuma kizito kwenye vilima, na macho yao yametua kwenye zile fremu nyeusi tupu za kaboni zinazouzwa moja kwa moja kutoka China, kutoka miji kama Xiamen na Shenzhen. Hazina jina wala nembo, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya fremu yenye jina dukani. Swali linaloulizwa kila mara ni hili: "Je, ni nzima au ni bomu?"

Mimi nadhani swali limekaa upande. Kampuni yenye jina inakutoza pesa kwa ajili ya nembo na matangazo, sawa, lakini inakutoza pia kwa kazi fulani: kuchagua kiwanda, kupima, kukataa zilizoharibika, kuhakikisha kila kipuri kinaingiliana na kingine. Ukinunua fremu isiyo na jina, kazi hiyo haikufutwa. Umekabidhiwa wewe. Kwa hiyo jiulize kama uko tayari kuifanya. Kama hauko tayari, nunua baiskeli ya alumini iliyotumika na hutapungukiwa kitu.

Tuanze na kitu chenyewe. Nyuzi za kaboni zenye nguvu ya kutosha kazi za uhandisi zina historia ya hapa hapa: katika miaka ya 1960 watafiti wa Royal Aircraft Establishment, pale Farnborough, walikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya kuzitengeneza, na lengo lilikuwa ndege, si baiskeli. Mwaka 1986 Greg LeMond alishinda Tour de France juu ya fremu ya kaboni, na mwaka 1992 kule Barcelona, Chris Boardman akachukua dhahabu ya Olimpiki juu ya Lotus iliyotokana na ubunifu wa Mike Burrows, fundi wa Norfolk. Siku hizi mbio kubwa ni kaboni tupu.

Fremu hutengenezwa kwa mikono zaidi ya watu wanavyodhani. Kitambaa cha nyuzi kilicholoweshwa gundi ya epoksi hukatwa vipande vingi sana, kila kipande kikapangwa mahali pake na kwa mwelekeo wake ndani ya kalibu ya chuma, kisha kikabanwa kwa hewa kutoka ndani na kuokwa mpaka gundi ikauke. Uzi wa kaboni una nguvu kwa urefu wake, kama kamba. Ukiuvuta, utashindana na chuma. Ukiusukuma kwa ubavu, haukusaidii. Kwa hiyo nguvu ya fremu inategemea nani alipanga matabaka, mangapi, na yameelekea wapi. Mambo hayo huwezi kuyaona ukiwa nje.

Hapa ndipo wauzaji wanapotupiga chenga. Watakuambia "T800" au "T1000". Hizo ni alama za nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani. Ni kweli T800 ni imara kuliko T700, lakini hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha kwenye fremu iliyokwisha kuokwa, na T700 iliyopangwa vizuri inaishinda T800 iliyopangwa ovyo. Watakuambia tena "3K", na mtu anadhani ni daraja la nguvu. Sivyo. 3K maana yake kila fungu lina nyuzi elfu tatu, na lile tabaka la juu lenye vijumba vijumba kama mkeka liko pale hasa kwa urembo. Halafu kuna lile la "imetoka kiwanda kimoja na fulani". Yawezekana kabisa. Ila mama ntilie mmoja anaweza kupika sufuria mbili kwenye jiko moja, na nyama ikawa kwenye moja tu.

Tofautisha pia isiyo na jina na ya bandia. Fremu nyeusi tupu ni bidhaa halali. Kiwanda kina kalibu yake na kinamuuzia yeyote. Fremu iliyobandikwa jina kubwa kwa bei ya kutupa ni udanganyifu, na forodha wanaweza kuikamata. Zaidi ya hapo, aliyekudanganya nje kwenye rangi, kwa nini akuambie kweli kuhusu matabaka ya ndani?

Kabla ya kulipa, omba ripoti ya jaribio la ISO 4210, ambacho ndicho kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli. Angalia kama namba ya modeli kwenye ripoti ni ile ile unayouziwa, na kama foku nayo imejaribiwa. Muuzaji anayekwepa swali hili, mwache. Kumbuka na kodi: VAT ya asilimia 20, na inawezekana ushuru juu yake. Wengine hukubali muuzaji aandike bei ya uongo kwenye kifurushi. Hilo ni kosa kisheria, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi sioni kwa nini ajitafutie balaa kwa paundi chache. Na kama una ndoto za mashindano yaliyo chini ya UCI, fremu za modeli zilizotoka tangu Januari 2011 zinatakiwa ziwe zimeidhinishwa na kubeba alama yao. Nyingi zisizo na jina hazina.

Sasa vipimo, na hapa tusiharakishe. Usinunue kwa saizi ya "54" au "M", kwa sababu kila kiwanda kina M yake. Tafuta namba mbili kwenye jedwali: staki na richi. Staki ni kimo kutoka usawa wa katikati ya pedali hadi juu ya bomba la mbele. Richi ni umbali wa ulalo kati ya hapo na hapo. Pima baiskeli unayoiendesha sasa bila kuumwa mgongo, kisha tafuta fremu inayokaribiana nayo. Fremu nyingi za kichina zimebuniwa kwa ajili ya mbio: staki fupi, unainama kama unatafuta shilingi iliyodondoka. Kwa safari ya kwenda maktaba na begi mgongoni, hiyo ni adhabu.

Halafu kila tundu lina kiwango chake. Kwenye maelezo utaona herufi BB (si bibi wa kijijini), yaani nyumba ya beringi za pedali. Ziko za kukaza kwa hesi, kama BSA na T47, na ziko za kusindikwa kwa nguvu, kama BB86 na PF30. Kwa anayejenga mara ya kwanza, mimi nasema hesi tu. Za kusindika zinataka tundu liwe duara kamili, na kiwanda kikikosea kidogo zitalia kama mlango wa stoo kila ukikanyaga. Ila ukishika BSA kumbuka kwamba upande wa cheni hesi yake ni ya kinyume: kukaza unazungusha kushoto. Vivyo hivyo pedali ya kushoto.

Angalia upana wa ekseli ya nyuma. Fremu za breki za diski za siku hizi mara nyingi ni milimita 142 na ekseli nene ya milimita 12. Za breki za ringi ni 130. Ringi ulizopewa bure na rafiki huenda zisiingie. Angalia pia nafasi ya tairi na matundu ya madigadi. Kwa mvua ya huku, fremu isiyopokea tairi la milimita 32 wala madigadi ni ya kutembelea Julai na Agosti. Na waya: zile fremu ambazo kila waya na mpira wa breki unapita ndani kupitia beringi za shingo zinapendeza machoni, lakini kubadilisha beringi moja ya bei ndogo kunaweza kukulazimisha ufungue breki nzima. Waachie wenye fundi wa kuwalipa.

Kifurushi kikifika, usikimbilie spana. Kichunguze ukiwa na tochi. Ndani ya mabomba tafuta mikunjo mikubwa, mabaki ya mfuko wa hewa, na sehemu ambazo nyuzi zimekauka bila gundi. Gonga kwa sarafu polepole kila mahali: sauti inatakiwa iwe kali na ibadilike taratibu kadiri unene unavyobadilika. Ukisikia ghafla sauti ya kufa, kama unagonga kadibodi, weka alama na upige picha. Kisha funga uzi kuzunguka bomba la mbele, vuta ncha zake mpaka kwenye nafasi za ekseli nyuma, na pima umbali wa uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita mbili, omba nyingine. Ukishaanza kufunga vipuri umeshapoteza hoja.

Kwenye kufunga, chombo kimoja hakina mbadala: spana ya kupimia nguvu. Chuma cha Phoenix ya babu kilivumilia fundi wa chini ya mwembe aliyekaza mpaka mshipa wa shingo usimame. Kaboni haivumilii. Bolti za stemu na za nguzo ya kiti kwa kawaida hukazwa nyutoni mita 5 hivi. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kipuri, na zikitofautiana, fuata ndogo. Chama kinaweza kununua spana moja tukaazimana. Nguzo ya kiti usiipake grisi kama ni kaboni ndani ya kaboni. Kuna losheni yake yenye chenga chenga inayoshika bila kukazwa sana. Hakikisha nguzo imezama mpaka chini ya maungio ya bomba la juu.

Shingo ya foku ndiyo sehemu ya kuogopa kuliko zote. Mnyororo ukikatika unatembea kwa miguu. Shingo ikikatika unapokea lami kwa meno. Mwaka 2006 kwenye Paris–Roubaix, George Hincapie alibaki na usukani mkononi baada ya shingo ya foku yake kuvunjika, akaumia bega. Ile ilikuwa ya alumini, timu kubwa, jina kubwa, na alikuwa ameshaanguka mapema siku hiyo hiyo. Kwa hiyo: kata shingo ukishapanda wiki kadhaa ukiwa na uhakika wa kimo unachotaka. Tumia msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, lowesha maji, vaa barakoa, na usifanyie kwenye jiko la bweni, maana vumbi lile si la kula. Usipigilie ndani ile nyota ya chuma ya baiskeli za kawaida. Tumia plagi inayotanuka, na iwe nyuma kabisa ya mahali stemu inapobana. Chini ya stemu usirundike pete zaidi ya milimita 30. Na kofia ya juu kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye beringi tu. Kinachoshika usukani ni bolti za stemu.

Ukiniuliza pesa ziende wapi, nitakuambia hivi: fremu isiyo na jina inaweza kuwa na akili, usukani na stemu za kaboni zisizo na jina hazina. Nunua za alumini za kampuni inayojulikana. Utaongeza gramu chache na utapata kipuri ambacho mara nyingi hupinda kabla ya kukatika. Breki nazo usibanie. Gia za Shimano 105 zilizotumika, za kaseti ya gia 11, zinatosha kabisa.

Mwisho raha yenyewe, yaani kuipamba. Fremu tupu ni kama khanga ambayo bado haijaandikwa jina, na kila mtu ana msemo wake. Stika za vinili ni salama na zinatoka. Ukipenda rangi, kwaruza kwa msasa laini tabaka la juu tu mpaka ming'ao iishe. Ukiona nyuzi, umepita. Dawa ya kuondolea rangi usiiguse, inakula epoksi. Na usitoboe tundu lolote, hata la chupa ya maji. Kila uzi uliokatwa pale ulikuwa na kazi.

Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza upya kwa spana ile ile, kisha sikiliza. Chuma hupinda na kukuonya. Kaboni huenda ikanyamaza mpaka siku yake. Ukianguka vibaya, rudia tochi na sarafu kabla ya kupanda tena. Kwa wanaopanga kurudi nayo nyumbani, fundi wa mtaani hawezi kuichomelea. Hapa Uingereza wapo wanaoziba nyufa kwa matabaka mapya. Kwa hiyo nunua mapema vile vishikio viwili vya akiba vya kibadilishia gia, ambavyo fremu nyingi zina umbo lake, na andika kwenye karatasi namba za beringi za shingo na za BB. Bandika karatasi hiyo ndani ya sanduku la safari.